Kutangua na Kubatilisha Bondeni Kilombero

Katika bonde la Kilombero, ambako mito ya Udzungwa na ile ya milima ya Mahenge hukutana ikatandaza maji juu ya mbuga kila masika na kuyaondoa tena kiangazi, ardhi imekuwa ikitolewa na kutwaliwa kwa karatasi tangu zama za Wadachi. Na katika mbao za matangazo za ofisi za vijiji, katika redio zinazosikika Ifakara, na katika vinywa vya wajumbe watokao mikutanoni, hakuna habari iliyozoeleka zaidi kuliko ile isemayo kwamba kitu kilichokuwa halali jana, leo kimefutwa. Mpaka umefutwa, kibali kimefutwa, hati imefutwa. Mkulima aliyeko dunguni akilinda mpunga wake usiliwe na kweleakwelea huipata habari hiyo ikiwa imekwisha kupita midomo mingi, naye hana la kufanya ila kuuliza maswali ambayo neno lenyewe haliyajibu: ni nani aliyefuta, uwezo wa kufuta aliupata wapi, ufutaji huo waanza siku gani, na yale yaliyotendeka kabla yake, yaani jaruba lililochimbwa, mwembe uliopandwa, nyumba iliyoezekwa na mahari iliyolipwa kwa mavuno ya shamba hilo, yana hukumu gani.

Maswali hayo aghalabu hudhaniwa kuwa ni ya mawakili peke yao, ilhali wanaoyabeba ni wakulima, wafugaji na wavuvi. Dai langu katika safu hii ni kwamba watu wa bonde wamepata madhara si kwa wingi wa amri tu, bali kwa sababu watoa amri hawakuwa na mazoea ya kupambanua kati ya kutangua, ambako ni kuikomesha haki iliyokuwa kweli, na kubatilisha, ambako ni kutamka kwamba haki hiyo haikuwapo tangu asili. Na kwamba tafauti hiyo, ambayo wazee wa pwani waliijua barabara katika ibada na katika ndoa, ndiyo inayoamua kama mtu anayeondolewa shambani ni mwenye haki anayestahili fidia au ni mvamizi anayestahili faini.

Waingereza, ambao sheria zao za kawaida kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920 ndizo zilizoletwa Tanganyika zikawa sehemu ya msingi wa sheria zetu, wana kitenzi kimoja cha ofisini, rescind, walichokirithi kutoka Kilatini, na asili yake ilikuwa kukata au kuchana kitu kilichokwisha kufungwa. Hawakitumii kwa safari iliyoahirishwa wala kwa karamu iliyovunjika. Hukiweka kwa bunge linaloliondoa azimio lake lenyewe, kwa halmashauri inayorudi nyuma katika uamuzi wake, kwa mwajiri anayeirudisha ahadi ya kazi aliyokwisha kuitoa kwa barua, na kwa mshirika wa mkataba aliyegundua kwamba alidanganywa. Sharti lake ni kwamba kinachotanguliwa kiwe kilikuwa na nguvu, na anayetangua awe ndiye aliyefunga au aliyekabidhiwa mamlaka ya yule aliyefunga. Kiswahili chetu kina neno la kadiri hiyo hiyo, kutangua, pamoja na jamaa yake kutengua, ambalo siku hizi limezoeleka katika taarifa ya habari kila Rais anapotengua uteuzi wa mkuu wa mkoa au mkurugenzi wa halmashauri. Na uwezo huo wa kutengua umetajwa katika ibara ya 36 ya Katiba, ibara ile ile inayompa uwezo wa kuteua. Hapana mtu anayedhani kwamba mkurugenzi aliyetenguliwa leo hakuwa mkurugenzi jana, wala kwamba malipo aliyoyaidhinisha mwezi uliopita yamegeuka wizi.

Mfano ulio wazi kuliko wote umo katika udhu. Mtu aliyetawadha sawasawa akasali adhuhuri, kisha baada ya sala akapatwa na jambo linalotangua udhu, hana haja ya kuirudia adhuhuri yake, kwani sala hiyo ilisihi kwa udhu uliokuwa kamili. Analotakiwa ni kutawadha upya kwa ajili ya alasiri. Lakini mtu aliyesali kwa kudhani ana udhu, kisha akakumbuka kwamba hakuwa nao, sala yake ni batili na hana budi kuisali tena. Udhu wa kwanza ulitanguka. Sala ya pili ilibatilika. Katika hali ya kwanza hukumu yatazama mbele tu. Katika ya pili yarudi nyuma hadi mwanzo. Wanazuoni wa pwani waliyatumia mafuhumu hayo hayo katika nikahi, wakaitenga ndoa iliyofungwa kinyume cha sharia, ambayo haikuwa ndoa, na ndoa iliyofungwa kwa halali kisha kadhi akaitangua kwa sababu ya dhara lililompata mke. Sheria ya Ndoa ya 1971, ijapokuwa ni sheria ya Serikali kwa watu wa dini zote, imeifuata njia hiyo: ipo ndoa ambayo ni batili, na ipo ndoa ambayo ni halali mpaka siku mahakama itakapoitangua.

Kubatilisha nako kuna mahali pake pa haki, tena pa heshima kubwa. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa rais uliofanyika mwezi uliotangulia, na kwa kuwa ulikuwa batili, taifa lilitakiwa lipige kura upya ndani ya siku 60, likapiga tarehe 26 Oktoba. Mahakama haikusema kwamba mshindi alikuwa mshindi mpaka siku ya hukumu. Ilisema hapakuwa na ushindi. Neno liliendana na tendo.

Katika mikataba jambo hili lina adabu yake ambayo ofisi za ardhi zingefaa kuisoma mara kwa mara. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo ilichota sana kutoka sheria ya India ya 1872, yampa mtu aliyeshawishiwa kwa hadaa au kwa kutishwa ruhusa ya kuutangua mkataba, lakini yamwekea sharti kwamba manufaa aliyoyapokea ayarejeshe. Aliyeuza ng'ombe kwa kudanganywa hawezi kumdai ng'ombe wake na huku bei imo mfukoni mwake. Majaji wa Kiingereza waliongeza mipaka mingine: kwamba mtu aliyejua hadaa kisha akaendelea kuufurahia mkataba amekwisha kuuridhia; kwamba anayekawia mno hupoteza haki ya kutangua; na kwamba kitu kikiwa kimekwisha kupita mikononi mwa mtu wa tatu aliyenunua kwa nia njema na kwa thamani, mlango umefungwa. Almuradi, katika sheria za watu binafsi kutangua hakujawa kamwe kufuta kwa kitambaa. Ni kazi ya kurejesha kila upande mahali pake, na mahali parejeshwapo pakiwa hapapo tena, kutangua hakuwezekani.

Nasi tukiingia katika ardhi, tunakuta kwamba Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, imelitengenezea tendo hili utaratibu wa makini. Mwenye hati ya kumiliki ardhi akivunja masharti, Kamishna wa Ardhi hana budi kwanza ampelekee ilani. Nakala ya ilani iwafikie wote wenye maslahi katika ardhi hiyo, kwa mfano benki iliyokopesha kwa dhamana yake. Ilani ikae siku 90 kabla haijashika nguvu. Ndipo Kamishna ampelekee Rais pendekezo, na Rais akiridhia, jambo litangazwe katika Gazeti la Serikali na magazetini. Hata hapo sheria haisemi kwamba mtu huyo hakuwa mmiliki. Yatambua kwamba alikuwa, na kwamba maendelezo aliyoyafanya kwa mujibu wa masharti yake, ambayo manufaa yake hayajakwisha, yana thamani ya kuhesabiwa baada ya kukatwa kodi na gharama anazodaiwa. Huko ni kutangua kwa kila sifa yake: kuna mwenye uwezo, kuna onyo, kuna siku maalumu, kuna hesabu ya kilichobaki.

Sasa tazama lugha ya ofisi. Tendo hilo hilo makarani wetu wameliita ubatilisho wa milki, nalo limeandikwa hivyo katika ilani na katika hotuba za mawaziri, hasa katika miaka ile baada ya 2015 ambapo mashamba mengi makubwa ya mkoa wa Morogoro, huko Kilosa na Mvomero, yalirudishwa mikononi mwa Serikali kwa kutoendelezwa. Siwalaumu makarani kwa kupenda neno zito. Lakini neno zito lisilo mahali pake hufanya kazi asiyoikusudia mwandishi: mwananchi akisoma kwamba milki ya jirani yake imebatilishwa, huamini kwamba jirani huyo alikuwa tapeli siku zote, na mgambo wanaotumwa kumwondoa huingia shambani wakiwa na imani hiyo, na jambo baya zaidi ni kwamba jirani mwenyewe, kwa kusikia neno batili, huenda akadhani hana tena mlango wa kudai fidia, akafungasha akaenda zake.

Mahakama ya Rufani ilikwisha kuonyesha uzito wa jambo hili katika shauri ambalo kila mwanafunzi wa sheria wa Tanzania analijua. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wakulima wa upande wa Arusha, walikuwa wameshinda katika mahakama ya hakimu mkazi kesi ya kudai ardhi yao ya kimila waliyoikosa kutokana na Operesheni Vijiji. Rufani ikiwa bado kusikilizwa, Bunge lilipitisha Sheria Na. 22 ya 1992, iliyozima haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa, ikakataza fidia, na ikaamuru mashauri ya namna hiyo yaliyokuwa mahakamani yakome. Tarehe 21 Desemba 1994 Mahakama, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiandika uamuzi, ilishikilia kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, kwamba kumnyang'anya mtu mali hiyo bila fidia ya haki ni kinyume cha Katiba, na kwamba ardhi iliyosafishwa na kutunzwa kwa jasho la mtu si ardhi tupu hata kama hapana jengo juu yake. Bunge, basi, laweza kutangua. Haliwezi kutangua huku likijifanya kwamba hapakuwa na kitu cha kutanguliwa.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha historia ya Kilombero. Amri ya Wadachi ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitamka kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Dola, na mwenyewe alitakiwa aoneshe hati, ambapo Mndamba aliyevua na kulima kwa kufuata maji, leo ng'ambo hii kesho ng'ambo ile, hakuwa na karatasi ila mazoea ya wazazi wake. Waingereza kwa Sheria ya Ardhi ya 1923 wakaifanya ardhi yote kuwa ya umma. Mwaka 1928 wakairekebisha ili kuitambua haki ya wenyeji wanaokaa kwa desturi zao. Tangu hapo mkulima wa bonde amekuwa na haki iliyo kweli lakini isiyoonekana machoni pa afisa asiyependa kuiona, na haki ya namna hiyo huwa rahisi mno kuitendea kana kwamba haikuwapo.

Mwaka 1952 mbuga ya Kilombero ilitangazwa kuwa pori tengefu. Watu wengi leo wanapolisikia jina hilo hudhani kwamba tangu mwaka ule kilimo kilikuwa haramu. Haikuwa hivyo. Kilichozuiliwa ni kuwinda bila kibali. Na Sheria ya Wanyamapori Na. 12 ya 1974 iliendelea kuwaacha watu walime, wachunge na kuvua ndani ya mapori tengefu. Ndipo vijiji vikaandikishwa, reli ya TAZARA ikapita Mang'ula, Ifakara na Mlimba ikaleta watu wa kila kabila, Operesheni Vijiji ikawapanga wenyeji kando ya barabara na kuwaachia mashamba yao ya mbugani, ambako familia huhamia msimu wa kilimo na kukaa katika vibanda hadi mavuno. Watu hao hawakuwa wavamizi. Walikuwa ndani ya pori tengefu kwa ruhusa ya sheria, na baadhi yao kwa amri ya Serikali yenyewe.

Kisha ikaja Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya 2009, ikakataza kulima na kuchunga ndani ya mapori tengefu. Kwa mstari mmoja, kilichokuwa halali kwa zaidi ya miaka hamsini kikawa kosa. Lakini waliotunga sheria hiyo hawakuwa wasahaulifu. Katika sheria hiyo hiyo walimwamuru Waziri, ndani ya miezi 12 tangu ianze kutumika, aipitie orodha ya mapori tengefu ili kuona lipi lina sababu ya kuendelea kuwapo, na wakaweka sharti kwamba ardhi ya kijiji isiingizwe ndani ya pori tengefu. Yaani walijua kwamba wanatangua haki za watu, wakataka kwanza ijulikane ni haki zipi na za nani. Kazi hiyo ya kupambanua mipaka ndiyo iliyotakiwa itangulie. Kilombero, mwishoni mwa mwaka 2012, operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao ilitangulia, na mazungumzo ya mipaka yakaendelea miaka mingi nyuma yake. Hapo ndipo ninapoona madhara ya kuchanganya mambo mawili: marufuku ya mwaka 2009 ilitekelezwa kana kwamba ni ya mwaka 1952, na mtu aliyeingia kwa ruhusa akatolewa kwa hukumu ya mtu aliyeingia kwa wizi.

Nakiri bila shaka yoyote kwamba bonde lahitaji ulinzi. Kilombero ndio unaoupa mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na umeme wa Bwawa la Julius Nyerere watazamia maji hayo. Sheshe wa mbugani wamepungua sana. Mifugo mingi imeingia katika miongo ya karibuni, na majaruba yamefuata maji hadi kingo za mto. Mwaka 2023 pori tengefu lilipandishwa hadhi kuwa pori la akiba, ambamo hata kuingia kwataka kibali cha maandishi. Serikali ina uwezo wa kufanya hivyo, na huenda ilikuwa na wajibu. Ninachodai ni kidogo kuliko upinzani na kizito kuliko malalamiko: kwamba kila kipande kilichoingizwa ndani ya mpaka mpya kutoka mikononi mwa watu kihesabiwe kuwa ni haki iliyotanguliwa, siyo uvamizi uliosafishwa.

Mkataba wa Ramsar, ambao chini yake uwanda wa mafuriko ya Kilombero uliandikishwa tarehe 25 Aprili 2002 ukiwa na eneo la takriban hekta 796,735, watoa funzo hapa ambalo sijaona likitajwa. Mkataba huo wairuhusu nchi kulifuta eneo lake katika orodha, au kulipunguza mipaka, kwa sababu ya maslahi ya taifa yenye udharura. Lakini waitaka nchi hiyo, kwa kadiri iwezekanavyo, ifidie kile kilichopotea, kwa mfano kwa kuwatengea ndege wa majini hifadhi nyingine. Ikiwa mataifa yalikubaliana mjini Ramsar mwaka 1971 kwamba bata maji hatanguliwi makazi yake pasipo kufikiriwa makazi mengine, sembuse mwanadamu mwenye watoto na ghala la mpunga.

Lipo pia tatizo la kinyume chake, nalo ni kitu ambacho watu hudhani kimetanguliwa kumbe kingali hai. Shamba la Mngeta, lenye hekta 5,818, lilitengwa kwa mradi wa mpunga ulioanzishwa mwaka 1986 kwa ushirika na Korea ya Kaskazini. Katika miaka ya 1990 Wakorea wakaondoka, mitambo ikashika kutu, na watu wa vijiji vya jirani wakaingia wakalima, wakajenga, wakazika maiti wao humo. Machoni pao mradi ulikuwa umekufa na ardhi imerudi kwa wenyewe. Lakini katika masjala hati ilikuwa imelala salama kwa jina la RUBADA, mamlaka ya uendelezaji wa bonde la Rufiji iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, maana kuondoka kwa mwekezaji si kutanguka kwa hati. Sheria yamtaka Kamishna atangaze rasmi kwamba ardhi imetelekezwa, na kimya cha miaka kumi hakisimami badala ya tangazo hilo. Mwaka 2008 hati hiyo iliyolala ikaamshwa, shamba likaingia katika ubia mpya chini ya Kilombero Plantations Limited, na waliokuwa wakilima wakajikuta wageni. Kampuni hiyo nayo ilikabidhiwa mfilisi mwaka 2019, na RUBADA yenyewe ilikwisha kuvunjwa. Mwenye kutafakari ataona kwamba katika masimulizi haya mashirika matatu yamepita na kutoweka, lakini karatasi moja haikutanguliwa na yeyote. Na kwamba lau mwaka ule Wakorea walipopanda ndege mtu mmoja ofisini angaliuliza iwapo hati hii itanguliwe au iendelee, vijiji vya Mngeta, Mkangawalo na Lukolongo vingaliepushwa na ugomvi wa miaka mingi.

Nayasema haya wakati ambapo karatasi za bonde zimezidi kuwa nyingi. Kwa programu ya umilikishaji ardhi iliyofanyika katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi kabla ya mwaka 2020, maelfu kwa maelfu ya wakulima walipewa hati za hakimiliki ya kimila. Mtu aliyepata kuishika hati moja kama hiyo mkononi anajua ilivyo: karatasi yenye majina ya mume na mke wote wawili pale walipoandikwa pamoja, ramani ndogo ya kipande chao yenye namba pembeni, majina ya majirani wa pande zote, sahihi ya mwenyekiti na ya mtendaji wa kijiji, sahihi au alama ya dole gumba ya mmiliki, na chini muhuri wa afisa ardhi wa wilaya aliyeisajili. Mikono hiyo yote imeifunga. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, haikumruhusu yeyote kuifungua kwa mkono mmoja: ameonywa kwanza aliyevunja masharti, akapewa ushauri, akatozwa faini, ardhi ikaweza hata kukabidhiwa mtu mwingine kwa muda, na kutangua kukawekwa mwisho wa ngazi, mahali pa dawa iliyobaki baada ya nyingine zote kushindwa. Mkutano wa hadhara uliopaaza sauti, au afisa aliyesimama juu ya gari akatamka kwamba hati zote za kitongoji fulani zimefutwa kuanzia leo, hajatangua kitu. Ametoa habari ya jambo ambalo bado halijafanyika.

Na hapa kuna jambo jipya linaloipa lugha uzito ambao haikuwa nao zamani. Hadi juzi sheria zetu ziliandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili cha ilani kilikuwa tafsiri tu. Ofisa aliyeandika ubatilisho aliweza kujitetea kwamba tazameni matini asilia. Mapema mwaka 2021 Bunge liliibadilisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Baraza la Ardhi na Nyumba linalokaa Ifakara halitakuwa tena na kisingizio cha kuliruka neno la Kiswahili ili kulitafuta la Kiingereza nyuma yake, litalisoma lililoandikwa. Sura hiyo hiyo ya 1 ina kanuni ambayo watoa ilani wangepaswa kuijua kwa moyo: kwamba kufutwa kwa sheria hakuathiri haki iliyokwisha kupatikana wala jambo lililokwisha kutendeka chini yake, isipokuwa kama nia ya kinyume imeonyeshwa. Maadam hivyo ndivyo ilivyo kwa sheria ya Bunge zima, ni ajabu kwamba kwa hati ya mkulima mmoja wa Mofu au wa Mbingu tumekuwa tukidhani kinyume.

Yanayotakiwa kufanywa si mengi, nayo yanaweza kuanzia katika daftari la masjala ya ardhi ya kijiji. Pale hati inapoondolewa, mtendaji asilikate jina kwa mstari mwekundu kama ilivyo desturi ya daftari za mahudhurio. Aandike pembeni mwa jina ni mamlaka gani iliyoamua, kwa kifungu gani, kwa tangazo gani la Serikali na la tarehe ipi. Aandike kama haki imetanguliwa au imeonekana kuwa batili tangu mwanzo, na ikiwa ni batili aeleze kasoro ni ipi, hadaa, mipaka iliyopishana, au kikao kilichokosa akidi. Na aandike kama tathmini ya maendelezo imefanyika na fidia imelipwa au bado. Hati yenyewe irudishwe kwa stakabadhi, ipigwe muhuri wa kutanguliwa wenye tarehe, na ihifadhiwe pamoja na ramani yake wala isichanwe, kwa kuwa siku mtoto wa mwenye shamba atakapofika mbele ya baraza kudai thamani ya majaruba ya baba yake, karatasi hiyo iliyotanguliwa ndiyo shahidi wa kwanza atakayeulizwa.